Nyuzi Tano

Miaka mitatu bomba limelala ukumbini,
limeviringwa mkeka kama maiti asiye na wa kumzika.
Wageni wanaliruka wakiingia kunywa chai.
"Mzinga?" aliuliza mtoto wa jirani.
Jicho, nikamwambia. Jicho lisilo shingo.

Chuo kimoja cha ng'ambo kilifungwa, wakagawa vitu.
Mimi nikapata darubini; miguu yake ikapotea njiani.
Kioo kipana kama sahani ya bajia,
urefu unamzidi Mbarouk wa posta,
na uzito niulizeni mimi na dada yangu Mize
tulioupandisha kutoka bandarini Wete
tukigombana kila kona nani kashika upande mwepesi.

Usiku wa kwanza nililiweka juu ya meza ya mninga.
Nikampata Zohali. Nikagusa gurudumu la kulengea,
Zohali akaanza kucheza msewe.
Nikalipiga bomba kofi, nikahesabu:
kumi na moja, ndipo akatulia.
Hapo nikajua, kuona si jicho tu,
kuona ni kisigino.

Chuma cha charahani ya marehemu shangazi: tisa.
Kinu, nikakipindua: saba,
na mama hakunisemesha siku mbili.
Gogo la mnazi nililolifukia uani likanipa sita,
nikafurahi mpaka vuli, kisha mchwa.
Seremala wa Limbani akanichongea miguu mitatu ya mvule,
mizuri, ina nakshi za maua hadi kwenye unyayo.
"Nane," nikamwambia.
"Nane nini?" akasema. "Tulipatana laki mbili."

Tena liko jambo la ncha ya mbingu.
Walioandika vitabu ncha yao iko juu ya mapaa.
Yetu sisi iko kusini, nyuzi tano tu kutoka ardhini,
nyuma ya migomba ya Bi Riziki,
kama mtu anayechungulia ukutani asionekane.
Mhimili wangu sharti ulale, karibu ulale kabisa,
kama mgonjwa aliyeongezewa mto mmoja.
Vya kununua haviinami hivyo. Vina kiburi cha kwao.

Nikaenda gereji ya Mtemani, kwa Kombo Shaame.
Jina Kombo, kazi imenyooka.
Alikuwa chini ya gari; nilizungumza na viatu vyake.
"Unataka kitu kizito, kizunguke polepole, kisitikisike."
"Ndiyo."
"Na kilale."
"Nyuzi tano."
Viatu vikanyamaza.
Kisha ukatoka mkono mweusi kwa grisi,
ukaonesha nyuma ya ukuta, penye magugu:
difu la lori la karafuu.
"Hilo limebeba tani saba milima yote ya Pemba.
Bomba lako kwake ni kipepeo."

Tukachimba futi nne. Nondo, kokoto, saruji mifuko mitatu.
Vijana wanne walilibeba difu wakimtaja Mungu na mimi,
mimi si kwa wema.
Kombo akapima mwinamo kwa kipande cha ubao:
futi moja kwenda, inchi moja na unywele kupanda.
Upande wa pili tukafunga ngoma za breki
bomba lisije likaelemea.

Majirani wakaja usiku wakitaka mwezi.
Leo ishirini na nane, nikasema, mwezi hakuna,
mtazameni mwenye pete.
Nikalenga. Nikapiga kofi, kofi la kweli,
nikaanza "mo—"
na Zohali yuko palepale, kama aliyepigiliwa msumari.

Bi Riziki alitazama, akarudi nyuma, akajifunika kanga usoni.
Mama alitazama mara mbili. Akasema, "Kinu changu kilikuwa kinatosha."

Kombo hakupanga foleni.
Alichuchumaa gizani, kiganja juu ya chuma,
macho kayafumba.
"Mbona hutazami?"
"Natazama."
Akakaa hivyo kitambo.
Kisha akanusa vidole. "Karafuu bado haijatoka," akasema.
"Na nitafutie kitambaa, sili inavuja."